Kamba ya Ithel Besi

Mimi Hopkin Beynon ni kiziwi, na nasema hivyo bila haya kwa sababu siku hizi bonde zima linajua. Lakini mwaka ule wa 1910 nilikuwa radhi nife kuliko kulitamka neno hilo. Na ningekufa kweli, kama si Ithel.

Ithel Probert ndiye niliyechimba naye makaa ya mawe katika mgodi wa Cwm Hesg, miaka kumi na minne, sisi wawili mahali pamoja. Kwaya yetu ya kanisani ilimtegemea kwa besi, ile sauti nzito ya chini, kwa hiyo kila mtu alimwita Ithel Besi. Ana maneno mengi, anatafuna tumbaku kama ng'ombe, na utani wake hauna mpaka. Kuna siku nilitamani kumziba mdomo kwa koleo. Mungu anisamehe.

Kule chini mtu anaishi kwa masikio. Taa zetu zilitoa mwanga wa kukuonyesha pua ya mwenzako, basi. Na ukijilaza ubavu ili ukate chini ya ukuta wa makaa, kichwa kikiwa kimeingia ndani, hata pua hiyo huioni. Kinachokulinda ni nguzo za msonobari ulizozisimamisha mwenyewe kuzuia dari. Msonobari ukilemewa hulia kwanza. Unaanza kidogo kidogo, tik, tik, kisha unatoa mlio mmoja wa kupasuka, kraa! Ukisikia huo unaacha kila kitu na kutoka. Wachimbaji wa kwetu hawakutaka hata kusikia habari za nguzo za chuma, kwa sababu chuma hakikwambii neno, kinakuacha ufe.

Mimi ile kraa nilikuwa siisikii tena. Masikio yalianza kuniaga tangu nilipofanya kazi ya kupasua miamba kwa baruti, nami nikajitia hamnazo. Nilijifunza kutazama midomo ya watu. Mke wangu Gwenllian alidhani nimezidi ukaidi tu, na kwa kuwa ukaidi wangu aliuzoea, hakuuliza.

Kilichonifichua ni wimbo. Jumapili moja tulikuwa kwenye mazoezi, nami nimefumba macho naimba kwa moyo wote. Kiongozi wa kwaya akapiga meza ili tunyamaze, arekebishe sauti za wanawake. Watu sitini wakanyamaza. Mimi nikaendelea peke yangu ubeti mzima, mikono imeinuliwa. Nilipofungua macho nikakuta kanisa zima linanitazama, mchungaji anafuta machozi. Alisema hajapata kuona mtu aliyezama katika sifa kiasi hicho. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mnafiki mkubwa mimi.

Ithel peke yake hakufuta machozi. Alinitazama tu.

Kesho yake tukashuka kama kawaida. Mkaguzi wetu, Bwana Treharne, alikuwa amekwisha kupita na taa yake kupima gesi, akaandika tarehe kwa chaki kwenye koleo langu kama alivyofanya kila asubuhi, maana yake pale mahali pamekaguliwa. Lakini dari inabadilika saa hadi saa, na kila mchimbaji huigonga mwenyewe kabla ya kuanza, asikie kama ni nzima. Nikaigonga kwa mpini wa sururu.

"Nzima," nikasema. "Inalia kama kengele."

Ithel akaja mbele yangu, akainua taa karibu na uso wake ili niione midomo.

"Inalia kama ngoma iliyolowa. Hopkin, wewe husikii."

"Nasikia!"

"Tangu tutoke kwenye kizimba kilichotushusha nimesema nyuma yako mara tatu kwamba mkeo anatoroka na mwuza maziwa. Ulinijibu nini?"

"Nilikupuuza."

"Hukunipuuza, ndugu yangu. Ungenirushia sururu."

Nikakaa juu ya kopo langu la mkate na jibini, nikamsihi kama mtoto. Nilimwambia wakijua watanipandisha juu, nikachague mawe kwenye makaa pamoja na wazee na vilema. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nilikuwa mchimbaji, na sikujua kuwa kitu kingine.

"Utamwambia Treharne mwenyewe," akasema Ithel. "Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Ikipita hiyo, namwambia mimi, na ukitaka kuninunia unune mpaka kaburini."

"Na hizo siku zote?"

Hapo akatoa kamba mfukoni, kamba ngumu ya katani yenye urefu wa hatua tano. Ncha moja akaifunga kwenye mkanda wangu, ya pili kwenye wake.

"Nikivuta, toka. Usiulize, usigeuke, toka."

"Mimi mbuzi?"

"Mbuzi anasikia."

Basi tukaongeza nguzo chini ya dari ile, tukachimba hivyo, tumefungwa pamoja, na tulipoona taa ya mtu inakuja tunaificha kamba. Nilikuwa na hasira naye zisizo na kipimo. Yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza kwa ajili ya watu wawili, na mimi ndiye niliyekuwa nimenuna! Kibaya zaidi, Ithel ni Ithel. Siku ya tatu akavuta, nikatoka mbio roho juu juu, nikamkuta ametandaza kiganja anaomba tumbaku. Nikamtukana mpaka nikachoka. Naye akacheka.

Alhamisi ya wiki ya pili nilikuwa nimejilaza ubavu, kichwa na mabega ndani ya ukuta, bado kidogo tu nimalize kukata. Kamba ikavutwa. Nikajua ni tumbaku.

"Subiri!" nikapiga kelele, nikapiga sururu tena.

Ikavutwa kwa nguvu mpaka mkanda ukanikata kiuno. Nikapiga sururu mara nyingine, makusudi kabisa, nimkomoe.

Halafu mikono miwili ikanikamata vifundo vya miguu na kuniburuta kinyumenyume juu ya vipande vya makaa, shati likapanda mpaka shingoni. Nikageuka nimpige ngumi. Vumbi likanijaa machoni, ardhi ikatetemeka chini ya mgongo wangu, na pale nilipokuwa nimelala palikuwa na jiwe kubwa kuliko kitanda changu cha ndoa. Ithel alikuwa amekaa karibu yangu, mdomo wazi. Alikuwa anapiga mayowe, nami nilikuwa namwona tu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya ukingo wa lile jiwe.

Alikuwa salama yule mtu. Nguzo ilipolia, yeye alikuwa hatua tano nje. Aliingia ndani kwa sababu mimi niliamua kumkomoa.

Niliifungua ncha ya kamba kwenye mkanda wake, nikakimbia kuita watu. Wakaja kwa mitaimbo na jeki, wakaliinua jiwe na kumtoa. Vidole viwili vya mguu vilibaki huko. Nilibeba machela yake nikiwa upande wa kichwani, na njia nzima alikuwa akinisemesha, lakini nililia mpaka sikuweza kuisoma midomo yake.

Tulipofika juu nilimwendea Bwana Treharne kabla hata ya kurudisha taa.

"Mimi sisikii," nikamwambia. "Huu ni mwaka wa sita. Jiwe lile ni langu, si lake."

Akanigeukia uso kwa uso. Kisha akasema taratibu, midomo ikionekana vizuri, "Nani mwingine alijua?"

"Hakuna," nikadanganya, maana Ithel naye angeadhibiwa kwa kunificha.

Macho yake yakashuka mpaka kwenye mkanda wangu, ambako kamba ilikuwa bado inaning'inia.

"Hiyo itie mfukoni," akasema, akaondoka. Bwana Treharne naye namshukuru, hajawahi kuniuliza tena.

Nyumbani Gwenllian aliponisikia nikikiri, alilia kwanza, kisha akanipiga begani. "Miaka sita nimekununia bure!" akasema. Usiku ule ule akatuma supu kwa akina Probert, na mimi nilipoipeleka nusura nitembee kwa magoti.

"Ithel," nikamwambia kando ya kitanda chake, "asante."

"Asante ya nini? Tumbaku umeleta?"

Mgodi haukunipeleka kuchagua mawe. Walinipa chumba cha taa. Nasafisha kioo cha kila taa, natazama kama kitambi na wavu ni vizima, naifunga ili asiifungue mtu kule chini kwenye gesi. Asubuhi nampa kila mtu taa yenye namba yake, na jioni anairudisha. Taa ikirudi, mtu amerudi. Kazi hiyo haihitaji masikio, isipokuwa watu wakija dirishani wananipigia kelele za namba na mimi nimewapa mgongo.

Ithel alirudi kazini baada ya miezi mitano, anachechemea, anachimba na mwenzake mpya. Asubuhi ya kwanza hakuita namba. Alipenyeza mkono dirishani, akafunga ncha ya ile kamba yetu, niliyomrudishia pamoja na ile supu, kwenye mkanda wangu, na ya pili akaipigilia msumari nje. Akavuta. Nikageuka.

"Mia tatu kumi na saba, mbuzi wangu," midomo yake ikasema.

Siku hizi watu mia nane wananivuta kila asubuhi, na kila mmoja anajiona mchekeshaji. Navumilia. Jioni taa zinarudi moja moja kwenye misumari yake, nami nawapa mgongo makusudi nikisugua vioo, nangoja. Wengine wanavuta mara moja. Ithel anavuta mara mbili, kwa nguvu, mpaka mkanda unanikata kiuno, na kila siku naacha kila kitu na kutoka kumlaki.