Mstari wa Chaki Ukutani

Watu wakija kwangu kutaka vifaa vya safari ndefu huanza na vinavyometameta. Taa za rangi chini ya injini, honi ya lori, spika za muziki. Mimi huwauliza swali moja tu: pikipiki yako inazalisha umeme kiasi gani? Hapo hunikodolea macho kana kwamba nimewauliza umri wa mama mkwe. Pikipiki inatengeneza umeme kidogo, yenyewe inakula zaidi ya nusu, na kinachobaki ndicho cha kugawana. Ukizidisha, betri inakuachia njiani, unabaki kusukuma chuma na mbwembwe zako zote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwenye biashara ya taa vibaya vina miguu mirefu.

Kaka yangu hakuwa mtu wa mbwembwe. Ndiyo maana nilipaswa kushtuka mapema.

Tumezaliwa wawili tu. Miaka ishirini na miwili ameendesha lori, kisha mwaka jana akaacha ghafla, akasema amechoka kula vumbi la wenzake. Akanunua pikipiki iliyotumika. Mwezi uliopita akaniletea karatasi: anasafiri siku kumi na moja, mpaka ziwani kule barabara inakoishia. Safari hiyo tumeiimba tangu tukilala kitanda kimoja. Mimi nilishaiacha, nina karakana na mgongo mbovu.

Orodha yake ilikuwa ya mtu mzima. Stendi ya simu yenye mpira wa kupunguza mtetemo, maana mtetemo huua kamera za simu. Chaja isiyoingiza maji. Kifaa cha kumwonyesha mkewe alipo. Taa mbili za manjano kwa ajili ya ukungu. Nilikata kitu kimoja tu, jaketi la umeme la kupasha joto, nikamwambia avae sweta kama binadamu wengine. Nikafunga kila kitu na fyuzi yake, kila waya nikauficha usisuguane na chuma. Kazi safi, nilijisifu mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Baada ya siku nne akarudi. "Mdogo wangu, taa zako hafifu."

Nikabadilisha balbu kubwa. Akarudi. Nikaongeza taa mbili za kupiga mbali, nikazipa swichi yake pembeni ya mkono wa kushoto. Akarudi tena, akasema barabara bado haionekani vizuri, labda muuzaji ameniuzia takataka. Nikampigia muuzaji, nikamtukana mpaka akakata simu. Fundi mbaya hulaumu vifaa, na mimi nilivilaumu vyote.

Shemeji, mke wa kaka, alikuja karakana peke yake. Alikataa kukaa.

"Shemeji, mzuie kaka yako. Juzi jua limezama tu, ameingia uani akaligonga tanki la maji."

"Tanki gani?"

"Lilelile. Lipo pale tangu tujenge."

"Basi liambie lisogee," nikamwambia, nikacheka. Hakucheka. Aliondoka bila kuniaga, na mimi nikaendelea kukaza skrubu. Mzaha huo nautamani urudi kinywani niumeze.

Siku moja kabla ya safari, saa sita mchana, kaka alileta pikipiki ikiwa na mizigo yote ili nizielekeze taa. Kazi hii haifanywi kwa kukisia. Pikipiki inasimama hatua tano kutoka ukutani, mwenyewe anakaa juu yake ili uzito uwe ule wa safarini, mlango unafungwa, na ukutani kuna mstari wa chaki. Mwanga lazima ukae chini kidogo ya mstari, la sivyo unawapofusha wanaokuja mbele. Mstari wangu una miaka. Ukififia naupitishia chaki juu yake, na kaka ameuona tangu nafungua karakana.

Nikafunga mlango. Nikawasha taa zote. Mwanga ukapiga ukuta, na ndipo nikakumbuka kwamba wiki iliyopita mwenye nyumba alipaka rangi kila ukuta. Ulikuwa mtupu, kijivu, hauna hata doa. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta chaki.

"Hapo hapo," kaka akasema. "Mwanga umekaa vidole viwili chini ya mstari. Usiguse tena."

Nikasimama na chaki mkononi.

"Kaka. Mstari gani?"

Alishika mikono ya pikipiki kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Ukuta umepakwa rangi," nikasema. "Hakuna mstari."

Akaniambia yote bila kunigeukia. Daktari alimpima mwaka jana. Macho yanajifunga kutoka pembeni kuja katikati, na giza ndilo linalotangulia kumshinda. Hakuna dawa, hakuna miwani, hakuna upasuaji. Ndiyo maana aliacha lori. Mkewe hajaambiwa.

"Na taa zote hizi?"

"Nilidhani zikitosha..." Akaacha. "Mchana bado naona, mdogo wangu. Siku kumi na moja tu. Nilione lile ziwa, basi."

"Na wanaovuka barabara kutoka pembeni?"

Aliinamisha kichwa juu ya tanki la mafuta. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumpiga. Mwezi mzima nimemfungia taa mtu anayezimika, nikimcheka mkewe, na maisha yangu yote najiita fundi wa mwanga.

Kaka alitoa mfukoni ufunguo wa akiba akauweka kiganjani mwangu, kisha akavifunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili, kama alivyokuwa akifanya zamani akinipa nauli ya shule.

"Zima," akasema.

Nikazima za kupiga mbali. Nikazima za manjano. Nikazima kubwa. Karakana ikabaki na jua linaloingia kwenye matundu ya misumari ya bati na chini ya mlango. Lilinitosha kabisa. Niliiona meza, nikaona koleo zilivyopangwa, nikauona uso wake umelowa.

Alishuka kwenye pikipiki, akanyoosha mkono mbele, akapapasa hewani.

"Mdogo wangu," akauliza, "mlango uko upande gani?"