Mafuta ya Nundu kwenye Yoyo

Yoyo ya Shuaib ilikuwa inalia kama mbuzi anayechunwa angali hai. Vumbi la Garissa lilikuwa limeingia kwenye beringi, kile kichuma cha mviringo kilicho katikati, na kila akiiangusha kutoka mkononi, kiiiiii, mpaka meno yanauma.

Mjomba wake, Abti Abdihafid, ni dalali wa ngamia. Analala baada ya adhuhuri, na huo usingizi wake unaheshimiwa nyumbani kuliko hati ya ploti. Siku hiyo alitoka chumbani macho mekundu.

"Waryaa Shuaib! Hiyo takataka ikilia tena nikiwa nimelala, naitupa chooni. Wallahi, kwenye shimo."

"Abti, ni beringi tu..."

"Shimoni!"

Abti haapi bure. Na yoyo hiyo ya alumini Shuaib alitumiwa na dada yake Nasteho kutoka Eastleigh. Garissa nzima hajaona nyingine. Sasa, mtu mwenye akili angeifungua, aioshe beringi na petroli, aikaushe, aitie tone moja la mafuta ya cherehani, basi. Shuaib alikwenda kwa Ayeeyo, bibi yake, mama mzazi wa abti.

Ayeeyo ana dawa moja tu duniani: mafuta ya nundu ya ngamia. Kikohozi, nundu. Goti, nundu. Bawaba za mlango, nundu. Akachota kwa kidole kutoka kwenye kopo lake, akashindilia ndani ya beringi mpaka yakafurika pande zote.

"Haya. Itanyamaza kama maiti."

Ikanyamaza kweli. Shida, ikaanza pia kunuka kama maiti.

Joto la Garissa halina mchezo. Wiki haikuisha, mafuta yakawa rangi ya makamasi. Vumbi likaganda humo, manyoya ya mbuzi yakanasa, sisimizi wakahamia na familia. Shuaib akiirusha, haikai chini ikizunguka tena. Inamrudia mbio, twap! kwenye kiganja, imelowa kama ulimi wa mbwa. Siku moja tone likamrukia mdomoni. Alitema mate mpaka koo likakauka. Lakini iko kimya, abti analala, kwa hivyo akavumilia, akawa anaificha chini ya mto wake.

Kumbe abti hakulala muda mrefu. Harufu ikamwamsha.

"Kuna kitu kimekufa humu!" Akavuta makochi, akainua mazulia, akafuata pua yake mpaka kwenye mto. Akaiinua yoyo kwa kamba. Uji fulani ukamteremka kwenye mkono, ukaingia ndani ya shati. "Subhanallah! Kinatiririka!"

Akashika njia ya chooni, Shuaib nyuma yake. "Abti, nakuomba! Abti!"

Ayeeyo alikuwa mlangoni mwa jikoni na bakora yake.

"Abdihafid, unapeleka wapi mafuta yangu?"

"Hooyo, hii si mafuta, hii ni mzoga."

"Ni nundu ya ngamia wa marehemu baba yako. Ni riziki. Tangu lini tunatupa riziki chooni? Ulilelewa na fisi?"

"Ulinilea wewe, hooyo. Hebu inuse."

"Hicho chuma kitupe ukitaka. Riziki haiendi kwenye kinyesi. Ilambe kwanza."

Abti akaitazama beringi. Sisimizi mmoja bado alikuwa anajaribu kuogelea. Abti akafungua mdomo abishane, na harufu yote ikamwingia. Akaegemea ukuta wa choo, akatapika wali wote wa mchana kwenye viatu vyake.

"Shika kitu yako," alimwambia Shuaib bila kumtazama, akijipangusa ndevu. "Osha na petroli. Osha na moto. Ikilia, wacha ilie. Bora makelele."

Shuaib akaipokea kwa kamba, kama mtu anayeshika mkia wa panya, akabana pua, akakimbia kwa fundi wa pikipiki. Nzi wote wa nyumba wakamfuata.