Waya Mwekundu Mkono wa Kushoto

Mgonjwa wa kitanda cha nne alinifundisha fizikia sekondari, na sauti yake ya puani mimi naiweza kuliko yeye mwenyewe. Asubuhi ile, mwanafunzi wa uuguzi na koti langu jipya, nilikuwa nambandika nyaya za kupima umeme wa moyo huku namwigiza palepale mbele yake.

"Vijana, volti haikai mahali pamoja. Ni tofauti kati ya sehemu mbili."

Mzee wa kitanda cha tano alicheka mpaka akashika mbavu.

"Angalau hilo liliingia," Mwalimu akasema. "Mengine yalitokea dirishani, na wewe ukayafuata."

Wodi nzima kicheko. Nikabonyeza kitufe, karatasi ikatoka, nikampelekea daktari nikipiga mluzi.

Daktari aliilaza kando ya karatasi ya juzi. "Hapa mawimbi yalikuwa yanapanda. Leo yameangalia chini. Sista, tumhamishie hospitali kubwa. Mkewe aambiwe."

Mkewe aliambiwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alitoa simu, akapigia watoto wake wanne mmoja baada ya mwingine, kisha akatoka nje kuanua na kukunja pajama za mumewe.

Mimi nilibaki na ile karatasi. Mstari wa kwanza ulikuwa umepinduka mzima mzima. Mstari huo ni tofauti ya umeme kati ya mkono na mkono. Ukibadilisha ncha, chanya inakuwa hasi. Kwenye mtihani swali hilo nililipata. Nikatupa jicho kitandani: waya mwekundu, ambao ni wa kulia, ulikuwa mkono wa kushoto. Wa njano ulikuwa kulia.

"Sista," nikasema, "mashine hii kama imechoka. Nirudie kipimo?"

"Imepima wagonjwa sita leo. Imechokea kwako tu?"

Mwalimu aliangalia mkono wake mmoja, akaangalia wa pili, halafu akaniangalia mimi. Alishaona.

"Ni mimi, sista. Nimebadilisha nyaya za mikono."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nachekesha watu."

Mzee wa kitanda cha tano akageukia ukutani.

Sista alirudia kipimo mwenyewe. Mawimbi yakapanda kama ya juzi. Daktari akachana barua ya uhamisho, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Heri angenitukana.

Mkewe Mwalimu akarudi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ubarikiwe, mwanangu. Wanasema umeligundua kosa upesi."

Ningeweza kuitikia amina na kuondoka zangu. Nusura nifanye hivyo.

"Mama, mimi ndiye niliyekosea, kwa mzaha wangu."

Akaniachia mkono. "Kwa hiyo wanangu wako njiani wanalia kwa ajili ya mzaha?"

"Ndiyo, mama."

Akanikabidhi simu. "Waambie wewe. Anza na mkubwa."

Ilipokewa kabla haijaita mara ya pili. "Mama, usinifiche," mwanamke akasema, pua imeziba kwa kulia. "Baba ametutoka?"

"Siyo mama, dada. Baba ni mzima, yuko hapa. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimefanya kosa."

Nikasikia gari likipunguza mwendo, likisimama.

"Kosa gani?" akauliza.

Wodi yote ilikuwa inasikiliza. Nikaanza kumweleza.