Ngozi ya Mume Wangu Kwenye Simu

Mume wangu ni fundi wa mafriji, mtu mzima mwenye ndevu, na watu wazima wenye ndevu, kwa maoni yake, hawaugui magonjwa ya watoto. Homa ilipomlaza na chakula kumshinda, akasema ni uchovu. Vipele vilipochomoza kifuani na mgongoni, akasema ni jasho. Vilipopanda usoni na kujaa maji, akasema ni mbu.

"Mbu gani huyu anayeuma mpaka ndani ya shati?" nikamuuliza.

"Mke wangu, mimba inakutia wasiwasi."

Wasiwasi ninao, tena wa haki! Tumbo langu lina miezi saba. Kliniki walinieleza waziwazi: mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga akiipata, ni hatari kwake na kwa mtoto. Nami sijui kama niliwahi kuugua. Mama, ambaye angejua, hayupo tena duniani.

Nikamwambia twende kliniki. Akaona haya. Fundi mzima apange foleni na watoto wanaonyonya? Ndipo dada yake akajitokeza. Wifi yangu huyo anauza vipodozi, na simu haimtoki mkononi hata akila.

"Ya nini kuhangaika? Nampiga picha, namtumia daktari."

Akampiga uso, kifua na mgongo. Daktari akajibu upesi: "Sioni kipele chochote. Ngozi yake nzuri kuliko yangu."

Basi! Wifi akazirusha picha kwenye kundi la ukoo, na ukoo ukatoa hukumu. Mjomba akasema mpwa wake anazidi kurudi ujanani. Mama mkwe akasema mwanawe hajawahi kuwa na doa tangu azaliwe. Shemeji akaandika kwamba mama kijacho apunguze kelele, atamwua mwenzake kwa presha. Na mgonjwa mwenyewe anasoma pongezi huku anajikuna mgongo kwa mpini wa mwiko.

Uvumilivu ukanishinda. Nikampokonya wifi simu nione hiyo ngozi. Jamani! Aliyenitazama ni kijana wa miaka ishirini, mashavu laini kama yai lililomenywa. Kovu la shavuni, alilopata kwa kugongwa na mlango wa friji, halipo.

"Wifi, kovu la kaka yako liko wapi?"

"Simu inasafisha yenyewe," akasema kwa fahari. "Nimeiweka hivyo kwa ajili ya biashara."

"Kwa hiyo umemtumia daktari mgonjwa aliyesafishwa?"

"Wifi nawe! Ulitaka nimwoneshe kaka yangu kwa watu na uso kama ule?"

Hasira zilinipanda mpaka mtoto akapiga teke. Nikamvalisha mume wangu shati la mikono mirefu, nikamkokota hadi kliniki. Daktari alitusimamisha mlangoni, akamwinulia shati: vipele vyekundu vipya, malengelenge ya maji, na vingine vimeshaanza kufanya vigaga, vyote kwenye mgongo mmoja.

"Hii ni tetekuwanga," akasema. Kisha akanigeukia, sauti ikashuka. "Nanyi mnalala chumba kimoja?"

Nikajibu ndiyo. Wakanitoa damu wapime kama nina kinga. Mume wangu akaamriwa akae mbali nami mpaka vipele vyote vikauke, akahamia kwa dada yake. Wifi hakuwa na hofu. Yeye aliugua tetekuwanga shuleni, na alivitambua vipele vya kaka yake tangu siku ya kwanza. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kupepesa macho: hakutaka kumwaibisha.

Nikabaki peke yangu nikingoja majibu. Kila nilipowashwa kidogo nilikimbilia kioo. Nililia, sifichi.

Majibu yakaja: kinga ninayo. Kumbe niliugua utotoni. Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta, nikaandika kwenye kundi: "Mimi na mtoto tuko salama."

Wifi akajibu papo hapo: "Si tulikwambia hakuna kitu? Unapenda kukuza mambo."

Madole gumba yakamiminika chini ya maneno yake. La kwanza lilikuwa la mume wangu.

Sasa vigaga vimekauka vyote. Daktari amemruhusu arudi nyumbani. Mimi sijamruhusu.