Fomu Arobaini za Jumatatu

Saa mbili na dakika kumi na moja asubuhi, Jumatatu, mkuu wa maabara alisaini fomu arobaini ambazo bado hazikuwa na jina la mgonjwa yeyote. Alisaini akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi, kisha akazibwaga kwenye trei ya mpimaji.

"Za wiki nzima hizo, mama. Usinisumbue."

Kila fomu ya kutolea damu ilikuwa na mistari miwili ya sahihi. Wa kwanza ulikuwa wa mpimaji, aliyechanganya damu ya mgonjwa na damu ya mfuko kwenye tyubu na kuona kama zinapatana. Wa pili ulikuwa wa mtu mwingine, ambaye alitakiwa kutazama tyubu zilezile kwa macho yake mwenyewe kabla mfuko haujatoka. Damu isiyopatana inaweza kumuua mtu kabla mfuko haujafika nusu. Miezi mitano iliyopita mpimaji wa pili alistaafu, nafasi yake haikujazwa, na mkuu akaanza kusaini Jumatatu.

Mpimaji alianza kuugua mwezi wa pili wa mpango huo. Mkono ukigusa mlango wa jokofu la damu, moyo ulimwenda mbio, vidole vilikufa ganzi. Alidhani ni moyo. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka safi. Sukari safi. Tezi ya shingo safi. Nyumbani akaanza kurudi jikoni kukagua jiko la gesi kabla ya kutoka, mara tatu, mara tano. Mdogo wake aliyeishi naye alikuwa akimhesabia.

"Dada, jiko hilo lingekuwa na mdomo lingekushtaki. Ya nane hiyo."

"Nyamaza."

"Sinyamazi. Kesho tunakwenda wote kliniki, hata ukininunia mwaka mzima."

Kliniki ya afya ya akili ilikuwa nyuma ya stoo. Tabibu alimuuliza mambo hayo humjia saa ngapi, wapi, na hudumu kwa muda gani. Mpimaji alikuwa ameandika yote kwenye daftari: mashambulio kumi na manne katika wiki nne, refu kuliko yote dakika kumi na nane, kumi na moja kati ya hayo mbele ya jokofu.

"Hufi," tabibu alisema. "Mwili unajiandaa kukimbia hatari. Ndiyo maana moyo unapiga na pumzi inakuwa fupi. Inatisha sana, lakini inapanda, inafika mwisho, inashuka yenyewe."

Alimwandikia kidonge kimoja kwa siku, akamwonya kwamba kitachukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Alimpangia vikao kumi na viwili. Akamfundisha kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko wa kuivuta. Jiko alikague mara moja tu, afunge mlango, aondoke na hofu yake bila kuitii, mpaka ipungue.

"Na kule maabara," tabibu akauliza, "unaogopa nini hasa?"

"Kutoa damu isiyopatana."

"Imewahi kutokea?"

"Hapana. Mara mbili katika miaka tisa niliandika vibaya namba ya mfuko. Mara zote mbili mwenzangu aliona."

"Leo ungekosea, nani angeona?"

Mpimaji akamweleza habari ya fomu. Tabibu aliweka kalamu mezani.

"Jiko la gesi tutalitibu. Hili la fomu usiniombe nikufundishe kulizoea. Mtu mwenye akili timamu anapaswa kuliogopa."

Siku hiyohiyo mpimaji alimwendea mkuu ofisini, akamweleza alikotoka na alichosema tabibu kuhusu fomu.

"Kumbe umekwenda kwa madaktari wa vichaa kunisema?"

"Nimekwenda kutibiwa. Naomba utazame tyubu kabla ya kusaini."

"Miaka tisa hujakosea, leo unataka yaya?" Mkuu alimsogezea karatasi ya matangazo. "Alhamisi kuna semina ya kupunguza msongo wa mawazo. Nimekuandikisha wa kwanza. Nenda ukapumue."

"Nikienda kupumua, benchi anabaki nani?"

Mkuu alifikiri.

"Basi usiende."

Akaenda yeye.

Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano, muuguzi wa chumba cha upasuaji alifuata mifuko miwili ya damu aliyokuwa ameiagiza mapema. Upasuaji ulipangwa saa tano. Mgonjwa alikuwa bado wodini. Vipimo vilikuwa vimekamilika: chembe hazikushikana katika tyubu yoyote. Mpimaji aliandika jina, akaandika namba za mifuko, akasaini mstari wake. Juu ya mstari wa pili sahihi ya mkuu ilikuwa imekauka tangu Jumatatu.

Moyo ulianza. Akashika ukingo wa benchi, akatoa pumzi polepole kama alivyofundishwa, mara kumi, mpaka vidole vikarudi. Hasira haikushuka hata kidogo.

"Nipe basi, dada," muuguzi alisema. "Daktari wangu wa leo ana mdomo huyo!"

"Mwambie fomu haijasainiwa."

"Na hii hapa ni nini? Si sahihi?"

"Hiyo ni ya Jumatatu. Mgonjwa wako alilazwa lini?"

Muuguzi alifungua faili. "Jana jioni."

"Haya. Niambie mkuu aliiona wapi damu yake."

Mpimaji alichukua kibao cha kusimamishia tyubu, fomu na trei nzima ya zile zilizobaki, akapanda ghorofa ya pili. Ukumbini wafanyakazi ishirini na sita walikuwa wamefumba macho, mikono juu ya matumbo. Mwendesha semina alikuwa akiwaambia walegeze mabega. Mkuu alikaa safu ya mbele.

"Mkuu, tazama tyubu hizi."

Alifumbua jicho moja. "Nimeshasaini."

"Umesaini nini? Hizi nyingine umesaini nini? Hata jina hazina!" Alimwaga fomu tupu miguuni pake. "Wewe unalala usingizi, mimi natafuna vidonge!"

Macho yote yakafumbuka.

"Unanidhalilisha mbele za watu."

"Tazama, au ufute jina lako."

Mkuu aliinuka, akanyanyua tyubu kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa sawa. Alisaini upya chini ya sahihi yake ya Jumatatu, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Mifuko ilifika chumba cha upasuaji saa nne na dakika ishirini na sita. Upasuaji ulianza kwa wakati.

Saa nane mchana mpimaji alipokea barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Alijibu siku hiyohiyo, ukurasa mmoja, nakala kwa mkurugenzi. Fomu zilizotumika ndani ya miezi mitano zikiwa zimesainiwa na mkuu kabla ya kipimo: mia sita kumi na moja. Kati ya hizo, zilizotumika mkuu akiwa likizo: thelathini na nane. Aliongeza kwamba mstari wa kwanza wa fomu hizo zote ulikuwa na sahihi yake yeye, na kwamba kosa hilo halikatai.

Ijumaa mkurugenzi aliwapa onyo wote wawili. Mpimaji mpya hakuajiriwa. Mpaka apatikane, mkuu atakaa benchi mwenyewe kila asubuhi.

Jumatatu iliyofuata mkuu alikuja amebeba kiti chake. Hakusalimia, hakusalimiwa. Ombi la kwanza lilitoka wodi ya wazazi. Mpimaji alifanya kipimo, akasaini, akamsogezea tyubu.

Mkuu aliziinua kwenye mwanga. Akazirudisha. Akafuta miwani, akaziinua tena.

"Rudia hii."

"Iko sawa."

"Nimesema rudia!"

Mpimaji alirudia tangu mwanzo. Ilichukua dakika thelathini na tano. Mkuu hakutoka kitini, na chai yake hakuigusa. Alitazama tyubu moja moja, akamtaka asome kwa sauti namba ya mfuko, kisha asome tena. Saa tatu na dakika arobaini na moja alisaini mstari wa pili.