Mteja wa Falonne

Mvua ilikuwa bado inanyesha Kimemi pale mwanamke asiyejulikana alipousukuma mlango wa jikoni wa Godelive bila kubisha. Alikuwa amejifunika gunia kichwani.

"Mama, ni weye unatembeleaka bagonjwa ba SIDA?"

"Ni miye. Ikala kwanza, mwanangu."

"Hapana, sitakawia. Jina yangu ni Falonne. Nilikimbia vita Kamango, ninashona nguo, ninapanga chumba kwa Mama Adèle. Najua mutapita kwangu kesho. Minakuomba, musikuye."

Godelive hakuelewa. Yeye na akina mama wenzake wa parokia walitembea wawili wawili, vitambaa vyeupe kichwani, na thermos kubwa ya uji wa soya. Yeye mwenyewe alikuwa na virusi na alilisema hilo hata sokoni.

"Tunakuyaka na bupole," alisema.

"Najua. Lakini thermos yenu, Kimemi yote inaijua. Pale inaingia, mwenye nyumba anatupa godoro inje. Maliro mulimutembelea. Sasa analala na batoto kwa veranda ya kanisa."

Godelive alijua kwamba Maliro amehama. Hakuwa ameuliza kwa nini.

"Na dawa yako, Bactrim, utapata namna gani?"

"Nitajikokota mpaka hospitali. Siku zingine miguu inakataa."

Godelive alisogeza kuni motoni.

"Basi nitakuya peke yangu, kama mutu wa kushonesha. Bila thermos. Dawa itakuwa ndani ya kikwembe. Mama Adèle hatajua kitu."

"Kweli, mama?"

"Kweli."

Ikawa hivyo. Kila juma alipita uani kwa Adèle na kifurushi cha matambara, akamkuta mwenye nyumba akiambua maharage, wakasalimiana. Mpaka siku moja Adèle aliyaacha maharage.

"Mama Godelive, unashonesha kila juma, lakini siyakuona robe hata moja kwa mwili yako. Ao unamuletea huyu uji?"

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kifurushi. Chumbani, cherehani ya Falonne ilinyamaza.

"Hizo zilikuwa za kutia viraka," Godelive alisema. "Kesho naleta kikwembe ya kweli. Utanionea wivu."

Nyumbani alikuwa na kikwembe kimoja tu, kitenge kizima ambacho hakijashonwa. Vingine askari walivibeba walipopora mtaa. Hicho kimoja marehemu mume wake, Apollinaire, alimnunulia Kampala. Hakukivaa hata mara moja. Mabinti zake walishaambiwa: siku nikifa, munifunike na hii.

Kesho yake alikitandaza juu ya meza uani, mbele ya Adèle. Falonne alikipapasa, akanong'ona:

"Mama, hii ni ile uliniambia ya kuzikwa nayo. Nitie pindo tu?"

"Hapana. Nipime, kisha ukate."

Adèle alisogeza kigoda chake karibu. "Ni ya muzuri, kwa kweli. Falonne, umuwekee kola ya mraba. Na kiisha unishonee na miye, ya Pasaka."

Falonne alipima mabega, akapima kiuno, akashika makasi. Godelive aliushika upande wa pili wa kikwembe, akauvuta ukanyooka, naye akakishikilia hivyo mpaka makasi yakatoka upande wake.