Mgongo wa Mkwe

Elinipendo hakuogopa maji. Alichoogopa ni mkwewe kumwona magoti.

Miezi mitatu sasa alikuwa amekwama Njoro, mjini, nyumbani kwa binti yake Eliona, goti la kulia limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Mtaalamu wa viungo alishauri alifanyie mazoezi kwenye maji ya uvuguvugu, na majirani wakawaelekeza kwenye chemchemi moja huko tambarare, yenye maji ya madini ambayo wazee wanayasifia mno. Eliona naye akaweka sharti: siku mama atakapoweza kukaa kwenye kigoda cha kukamulia na kuinuka mwenyewe, ndiyo siku atakayorudi Kirua Vunjo, kwenye kihamba chake cha migomba na ng'ombe wake wawili. La sivyo, atazeekea mjini. Kwa Elinipendo, hiyo ilikuwa jela yenye televisheni.

Sasa, ngazi za mawe pale chemchemi zilikuwa na utelezi, na Eliona alikuwa na mimba ya miezi minane. Akabaki Ronald, mumewe, anayepandisha wageni mlimani na anayejua kumshika mtu asianguke. Lakini Elinipendo alilelewa kwamba na mkwe hampeani mikono wala hamli sahani moja, sembuse kuingia naye majini.

"Nitashuka peke yangu," alisema.

"Mama, utavunjika na hilo goti lingine," Eliona akajibu.

Ronald hakubishana na mtu. Alitumbukia na suruali yake, akawapa mgongo.

"Shika mabega, mama. Mimi sigeuki."

Na kweli hakugeuka. Jumamosi nne mfululizo alisimama akiikodolea macho miti ya ng'ambo kama askari wa lindo, huku nyuma yake mama mkwe, kanga mbili kiunoni, akikunja na kukunjua goti, na kulitukana kwa Kichagga kila lilipogoma.

Jumamosi ya tano alifanya mazoezi hadi ngozi ya vidole ikajikunyata. Ronald akarudi kinyumenyume mpaka ngazini, Eliona akampokea mama yake mkono. Pale ukingoni palikuwa na jiwe fupi, kimo cha kigoda. Elinipendo hakuaga mtu. Akakaa. Goti likalalamika, likakunjika. Akanyoosha mikono, akakamua hewa kidogo, kisha akainuka bila kushikwa.

Eliona alilia na kucheka kwa pamoja. "Basi, mama. Unarudi kwako."

"Jamani, kuna nini huko nyuma?" Ronald aliuliza, bado anaangalia miti.

Elinipendo aliutazama ule mgongo uliolowa. Alimpenda kijana huyu, akaona aibu kwamba imemchukua muda wote huo kujua.

"Geuka, baba."

"Nigeuke, mama?"

"Geuka uone kazi yako."

Akapandisha kanga hadi juu ya magoti, akakaa tena, taratibu, ili mkwe wake aone vizuri.